Kwa Nini Chumvi Hupasuka na Waya Hupindika

Mkulima, twaa bonge la chumvi ya ng'ombe uligonge kwa nyundo: litapasuka vipande vipande. Gonga kipande cha waya wa ua: kitabapa tu, wala hakivunjiki. Vyote viwili ni vigumu. Tofauti yao ni namna chembe zao ndogo kabisa, ziitwazo atomu, zilivyoshikana.

Katika chumvi, atomu ya sodiamu huipa atomu ya klorini elektroni moja. Tangu hapo moja ina umeme chanya na nyingine umeme hasi, nazo huvutana kwa nguvu na kujipanga mistari kwa mistari. Yataka moto wa nyuzi 801 za Sentigredi kuiyeyusha. Lakini nyundo ikiusogeza mstari mmoja kidogo tu, chanya hukabiliana na chanya, zikafukuzana, na bonge likapasuka. Maji nayo huzitenga moja moja bila taabu.

Katika chuma, elektroni za nje ni mali ya atomu zote, kama malisho ya pamoja. Mstari ukisogea bado umeshikwa, ndiyo maana waya hupindika na umeme hupita ndani yake.

Sasa tuje kwenye fedha zako. Mbolea ya CAN ni ndugu ya chumvi. Huvuta unyevu wa hewani ikawa mawe, na maji yake huongeza kutu. Basi weka gunia juu ya mbao, mbali na mabati, mdomo umefungwa.

Shambani, nusu ya naitrojeni yake ina umeme chanya. Udongo wa mfinyanzi una hasi, kwa hiyo huishika. Nusu ya pili, iitwayo naitreti, ni hasi. Udongo hauishiki, na mvua kubwa huishusha chini ya mizizi. Usiimwage yote siku ya kupanda. Ngoja mahindi yafike magotini.

Urea ni namna nyingine. Atomu zake hushirikiana elektroni, wala haina chanya wala hasi ya kushikwa na udongo. Katika kila kilo 100 mna naitrojeni kilo 46, ni nyingi kweli, lakini udongoni hugeuka kuwa amonia, nayo ikiwa juu ya ardhi hupaa hewani kama moshi. Ifukie kwa jembe siku ile ile, kina cha vidole vitatu hivi, kisha osha jembe.