North Wilkesboro: Uwanja wa mbio za magari uliokufa bila kubomolewa

Katika ratiba yake ya mwaka 2026, kampuni ya NASCAR, inayosimamia mashindano makubwa ya mbio za magari nchini Marekani, imeurudishia mji mdogo wa North Wilkesboro kitu ulichokipoteza mwaka 1996: shindano moja linalohesabiwa katika kuwania ubingwa. Kwa mji wenye wakazi wapatao elfu nne, ulio kaskazini-magharibi mwa jimbo la North Carolina, hilo si jambo dogo. Historia ya uwanja huo inaeleza jinsi mchezo uliozaliwa vijijini ulivyohamia kwenye miji mikubwa, na ni nani aliyebaki na hasara ulipohama.

Gari la kukimbia askari

Wasomaji waliozoea mbio kama za Safari Rally, ambamo magari huondoka moja baada ya jingine na kushindana na saa, hawana budi kufikiria mchezo wa namna nyingine. Hapa magari huondoka kwa pamoja na kuzunguka njia yenye umbo la yai, pengine mara mia mbili au mia nne, mbele ya macho ya watazamaji wote. Viwanja ambavyo mzunguko wake haufiki kilomita 1.6 huitwa viwanja vifupi. Mzunguko wa North Wilkesboro ni kama kilomita moja tu.

Wilaya ya Wilkes, ulipo mji huo, ilifahamika zamani kwa pombe kali iliyopikwa kwa siri vichakani, ndugu ya gongo, chang'aa na kanyanga. North Carolina ilipiga marufuku pombe mwaka 1909, hata kabla ya marufuku ya taifa zima iliyodumu kuanzia 1920 hadi 1933. Marufuku ilipoondolewa, upishi wa siri haukukoma, kwa kuwa pombe isiyolipiwa ushuru ilikuwa na faida kubwa. Mkulima wa milimani alipata fedha nyingi zaidi kwa mahindi yaliyogeuzwa pombe kuliko kwa mahindi yaliyouzwa kwa gunia.

Vijana walioisafirisha usiku walihitaji magari yenye sura ya kawaida lakini yenye injini zilizoongezewa nguvu, ili wawashinde mbio maafisa wa ushuru. Kutoka hapo hadi kushindana wao kwa wao mchana palikuwa na hatua fupi. Mfano unaojulikana zaidi ni Junior Johnson, mzaliwa wa wilaya hiyo. Alikamatwa mwaka 1956 kwenye mtambo wa pombe wa baba yake na kutumikia kifungo cha miezi 11. Katika maisha yake ya mbio alishinda mashindano 50 ya daraja la juu la NASCAR. Rais Ronald Reagan alimpa msamaha mwaka 1986.

Upande mmoja mteremko, wa pili mlima

Uwanja wa North Wilkesboro ulifunguliwa Mei 1947 na Enoch Staley pamoja na washirika wake. Inasimuliwa kwamba fedha ziliwaishia kabla ya kusawazisha ardhi yote. Ndiyo maana hadi leo magari hushuka kidogo upande wa jukwaa kuu na kupanda upande wa pili. Mwaka 1949, NASCAR ilipoanzisha ligi yake ya magari ya kawaida, msimu wa kwanza ulikuwa na mashindano manane, na la mwisho lilifanyika hapo Oktoba 16. Siku hizo njia ilikuwa ya udongo. Lami iliwekwa mwishoni mwa miaka ya 1950.

Kwa miongo kadhaa mji huo ulifurika wageni mara mbili kwa mwaka, Aprili na Septemba. Staley alisifiwa kwa kutopandisha ovyo bei za tiketi, lakini majukwaa na huduma za uwanja zilizidi kuchakaa huku televisheni na wadhamini wakimimina fedha katika mchezo.

Kilichouzwa kilikuwa tarehe

Hapa ndipo penye kiini cha habari hii. Thamani kubwa ya uwanja wa namna hii haipo katika lami wala viti vyake, bali katika nafasi yake kwenye ratiba. Ratiba hupangwa na NASCAR, na kwa desturi ya miaka ile, mwenye uwanja wenye tarehe aliweza kuomba tarehe hiyo ihamishiwe kwenye uwanja wake mwingine.

Staley alifariki mwaka 1995. Nusu ya umiliki ilinunuliwa na Bruton Smith, aliyekuwa akijenga uwanja mkubwa mno huko Texas. Nusu nyingine ilinunuliwa na Bob Bahre, mwenye uwanja katika jimbo la New Hampshire. Kila mmoja alichukua tarehe moja. Jeff Gordon alishinda shindano la mwisho Septemba 29, 1996, kisha milango ikafungwa. Hakuna kilichobomolewa, lakini magugu yaliota katika nyufa za lami na majukwaa yakaanza kuoza.

Pigo hilo halikuwa la pekee. Lowe's, kampuni kubwa ya vifaa vya ujenzi iliyoanza kama duka mjini humo mwaka 1921, ilihamishia makao yake makuu katika mji wa Mooresville mwaka 2003.

Fedha za umma, mali ya mtu binafsi

Majaribio ya kuufungua tena mwaka 2010 na 2011 hayakudumu. Desemba 2019, dereva mstaafu Dale Earnhardt Jr. aliongoza kundi la kufyeka magugu ili njia ipigwe picha za kompyuta na kutumiwa katika mchezo wa mbio za mtandaoni. Mei 2020, janga la corona lilipokuwa limesimamisha mashindano halisi, madereva walishindana katika uwanja huo kwenye skrini, na watazamaji wa televisheni wakaukumbuka.

Novemba 2021, jimbo lilitenga dola milioni 18 kwa ajili ya uwanja huo, kutoka katika fedha za serikali kuu za kukabiliana na athari za corona. Magari yalirejea Agosti 2022, na Mei 2023 Kyle Larson alishinda hapo shindano la nyota wa NASCAR, ambalo halina pointi za ubingwa.

Watetezi wa matumizi hayo husema hoteli, migahawa na wachuuzi wa mji huo hunufaika kila wageni wanapofika. Hata hivyo, uwanja wenyewe ni mali ya kampuni binafsi ya Speedway Motorsports, iliyoanzishwa na Bruton Smith, yuleyule aliyehamishia Texas mojawapo ya zile tarehe mbili. Walipa kodi wamechangia kuufufua, ila ratiba ya kila mwaka bado inapangwa na NASCAR, si na wakazi wa North Wilkesboro.