Kikomo cha Unyumbufu na Uteuzi wa Feleji Iliyobanwa Baridi

Katika makala haya tunakusudia kueleza namba moja inayoandikwa katika hati za mabati ya feleji, nayo isiposomwa vema huweza kuharibu kazi nzima. Namba hiyo ni kikomo cha unyumbufu.

1. Maana ya istilahi

Wanasarufi wamezoea kunyumbua vitenzi. Mhandisi naye hunyumbua madini. Bati likivutwa kidogo kisha likaachiliwa, hurudia urefu wake wa awali. Nguvu ikizidi, hufika mahali ambapo bati halirudi tena, bali hubaki limerefuka au limepinda. Hapo ndipo penye kikomo cha unyumbufu. Hupimwa kwa megapaskali, yaani nyutoni 1 kwa kila milimita 1 ya mraba. Tusikichanganye na nguvu ya kukatika, ambayo huja baadaye.

2. Athari ya kubanwa

Kwanza feleji hubanwa baina ya rola ikiwa moto. Kisha huoshwa kwa asidi na kubanwa tena ikiwa baridi. Fuwele zake hurefuka, kasoro zilizomo ndani yake huongezeka na kuzuiana, na feleji huwa ngumu lakini nzito kukunjika. Kwa sababu hiyo mabati mengi hupashwa moto tena ili yalainike. Basi jina «iliyobanwa baridi» peke yake halitujulishi nguvu ya bati.

3. Kusoma madaraja

Kanuni ya Ulaya EN 10130 yahusu mabati laini ya kukunjwa. Daraja la DC01 lina kikomo kisichozidi megapaskali 280. DC04 kisichozidi 210. DC05 kisichozidi 180. Kanuni ya EN 10268 yahusu mabati yenye nguvu zaidi: HC260LA lina kikomo kisichopungua 260, na HC340LA kisichopungua 340.

Msomaji mwenye haraka atadhani kwamba DC01, kwa kuwa na 280, lashinda HC260LA. Sivyo. Namba ya kwanza ni mpaka wa juu, ambao humhakikishia mkunjaji kwamba bati litamtii. Ya pili ni mpaka wa chini, ambao humhakikishia mjenzi kwamba bati litastahimili. Katika hesabu za ujenzi, kikomo cha DC01 hukadiriwa kuwa 140 tu.

4. Uteuzi

Tuchukue ukanda wenye upana wa milimita 50 na unene wa milimita 1, unaoning'iniza mzigo wa kilo 1,000. Mkazo wake ni takriban megapaskali 200. DC01 halifai, maana hatuna hakika nalo kupita 140. HC260LA lafaa, ingawa akiba yake ni ndogo. Panapohusika uhai wa watu, heri HC340LA au bati nene zaidi. Kinyume chake, kwa sufuria yenye kina kirefu, DC04 ni bora, kwa kuwa hurefuka angalau asilimia 38 kabla ya kukatika.

Hatimaye, bati likilegalega tu bila kubaki limepinda, daraja la juu halitaliponya. Ukakamavu wa feleji zote hizi hukaribia kuwa mmoja, yaani megapaskali 210,000. Dawa yake ni kuongeza unene au kubadili umbo.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza namba ni kubwa kiasi gani, tuulize kwanza: ni mpaka wa juu, au wa chini?