Laptopu na Windows yake: leseni iko ndani ya bodi (Sehemu ya 2)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza namna ya kukagua laptopu iliyotumika kabla hujatoa pesa: betri, diski, bawaba za kioo na chaji. Tuliacha makusudi jambo moja ambalo haliwezi kuonekana kwa kuigeuzageuza mashine dukani, nalo ni leseni ya Windows. Mtu ananunua laptopu, anaitumia miezi kadhaa bila tatizo, kisha siku moja kwenye kona ya chini ya skrini, upande wa kulia, yanatokea maandishi hafifu ya kijivu yakimtaka aamilishe Windows. Anaipeleka kwa fundi. Fundi anapiga Windows upya, analipwa chake, maandishi yanaondoka. Mara nyingi kilichofanyika hapo ni kwamba mwenye mashine amelipa pesa ili awekewe Windows ya wizi kwenye mashine iliyokuwa na Windows halali tangu ilipotoka kiwandani.

Ili hilo lieleweke, tutenganishe kwanza leseni na ufunguo. Leseni ni ruhusa ya kutumia programu. Ufunguo ni ile namba yenye herufi na tarakimu 25, zilizopangwa katika makundi matano ya tano tano, ambayo kazi yake ni kuthibitisha kwamba ruhusa ipo. Unaweza kuwa na ufunguo usiwe na leseni, na hiyo ndiyo hali ya wengi wanaonunua namba za bei ya kutupa mtandaoni. Namba nyingi za namna hiyo zilitolewa kwa kampuni au chuo fulani kwa matumizi ya ndani, nazo zinaweza kufungiwa siku yoyote. Unaweza pia kuwa na leseni halali usiujue ufunguo wako hata herufi moja. Karibu kila aliyenunua laptopu iliyotoka kiwandani na Windows yuko katika kundi hili la pili.

Ufunguo wenyewe una hila zake. Haukuandikwa kwa herufi zote za alfabeti. Irabu zimeondolewa, na pia L, S, Z na tarakimu 0, 1 na 5, ili msomaji asichanganye O na sifuri au S na tano. Cha ajabu ni kwamba B na 8 zimeachwa zote mbili, pamoja na G na 6, na hizo ndizo zinazowatoa watu jasho wanaposoma stika iliyofutika nusu. Zilizobaki ni alama 25, na alama 25 katika nafasi 25 zinatoa idadi ya michanganyiko yenye tarakimu 35. Ni sehemu ndogo mno ya michanganyiko hiyo iliyo funguo za kweli, kwa hiyo kubahatisha hakusaidii.

Mambo hayakuwa hivi mwanzoni. Windows 95 ilikuwa na ufunguo wa tarakimu kumi, tatu kisha saba, na kompyuta ilichokagua hasa ni kama zile saba zikijumlishwa jumla yake inagawanyika kwa 7 bila kubaki kitu. Mtu akiandika moja tupu, 111-1111111, alipita. Hapakuwa na aliyeuliza ufunguo huo umetumika kwenye kompyuta ngapi, kwa sababu kompyuta haikuwa na mtu wa kumuuliza. Intaneti majumbani ilikuwa anasa.

Windows XP ya mwaka 2001 ndiyo iliyoleta uamilisho: kompyuta inatengeneza muhtasari wa vipuri vyake, inautuma Microsoft pamoja na ufunguo, na kule wanaandika kwamba ufunguo huu ni wa mashine hii. Lakini walibakiza mlango kwa kampuni kubwa, ambazo zilipewa ufunguo mmoja kwa kompyuta zote bila kuamilisha. Mmoja wa funguo hizo, unaoanza na FCKGW, ulivuja kabla hata XP haijaingia madukani, ukazunguka dunia nzima. Microsoft waliufungia katika masasisho makubwa ya mwaka 2002, lakini ulikuwa umeshaandikwa kwa kalamu kwenye CD zisizo na idadi.

Watengenezaji kama Dell, HP na Lenovo walikuwa na shida nyingine. Kiwanda kinachotoa mashine kwa maelfu hakiwezi kumwajiri mtu aketi kuamilisha moja moja. Kwa hiyo wakakubaliana na Microsoft kwamba mashine zao zote zitumie ufunguo mmoja wa kiwandani, na Windows ikiwaka ichungulie katika BIOS, yaani ile programu ndogo iliyoko kwenye chipu ya bodi, kuona kama kweli hii ni mashine ya mtengenezaji huyo. Katika XP ilitosha kukuta jina la mtengenezaji. Katika Vista na Windows 7 walitia humo jedwali maalumu lililotiwa saini kidijitali, ambalo mafundi wa zamani wanalifahamu kwa jina la SLIC.

Hapa ndipo linapojibiwa swali linalowachanganya wengi hadi leo: kwa nini namba iliyo kwenye stika chini ya laptopu ya Windows 7 hailingani na namba inayoonekana ukiikagua Windows yenyewe? Windows ilikuwa inatumia ufunguo wa kiwanda, ule wa mashine zote. Stika ilikuwa na ufunguo wa mashine hiyo peke yake, akiba ya kutumia iwapo Windows ya kiwandani itafutwa. Mpango huo nao ulikuwa na ufa. Julai 2009, miezi mitatu kabla Windows 7 haijatoka rasmi, ufunguo wa kiwanda wa Lenovo ulivuja, na Microsoft ikalazimika kuutoa kwenye matumizi na kuipa kampuni hiyo mwingine. Ufunguo mmoja wa mashine zote ukivuja, umevuja wote.

Windows 8 ilipotoka Oktoba 2012 utaratibu ukageuzwa, na huu ndio unaotuhusu, maana laptopu nyingi zilizoko sokoni sasa ni za baada ya hapo. Kila mashine hupewa ufunguo wake peke yake, na kiwanda huuandika ndani ya chipu ya BIOS, katika jedwali linaloitwa MSDM. Stika yenye namba ikaondolewa. Ukiona laptopu ya miaka hii haina stika ya ufunguo, usidhani imebanduliwa na tapeli.

Windows 10 ya mwaka 2015 iliongeza jambo moja. Mashine ikishaamilishwa, seva za Microsoft huhifadhi kumbukumbu ya utambulisho wa vipuri vyake, na hiyo ndiyo wanayoita leseni ya kidijitali. Ukifuta diski na kuweka Windows upya, mashine ikipata intaneti inatambuliwa yenyewe. Ndiyo maana wakati wa kusakinisha unaruhusiwa kubonyeza kwamba huna ufunguo, ukaendelea. Tahadhari ndogo kwa wanaopenda kunakili namba zao: kompyuta nyingi zenye leseni ya kidijitali huonyesha ufunguo wa jumla unaofanana duniani kote, kwa mfano ule wa Pro unaoishia na 3V66T. Kuuandika huo kwenye daftari ni kazi bure.

Sasa tuje kwenye matokeo ya utaratibu huu. Leseni inayokuja na mashine ni ya mashine, na kwa mashine maana yake ni bodi. Wazee wa pwani wanajua kwamba mtu anaweza kuuza shamba akabaki na minazi yake juu ya ardhi ya mwingine. Hapa hakuna nafasi hiyo. Ukiuza laptopu, leseni inakwenda nayo, na masharti ya Microsoft hayakuruhusu kuing'oa uipeleke kwenye mashine nyingine. Ukibadilisha diski, ukaongeza RAM, ukaweka kioo kipya, hujapoteza kitu. Bodi ikiungua na ukawekewa tupu isiyoandikwa ufunguo, leseni imekwenda nayo, isipokuwa kama aliyebadilisha ni mtengenezaji mwenyewe ndani ya dhamana. Lakini fundi akikutolea bodi kutoka laptopu nyingine ya aina hiyohiyo iliyovunjika kioo, bodi hiyo inakuja na ufunguo wake ndani ya chipu. Wengi hawalijui hilo, mafundi wakiwamo.

Tatizo linalozaa kesi nyingi ni daraja la Windows. Ufunguo ulio kwenye BIOS ni wa daraja maalumu: Home au Pro. Ukiweka flashi ya Windows isiyochezewa kwenye laptopu yenye ufunguo wa Home, kisakinishi kinausoma ufunguo na kuweka Home bila hata kukuuliza. Mafundi wengi hawapendi hivyo, wanataka kumwekea kila mteja Pro, kwa imani kwamba Pro ina kasi zaidi. Haina. Pro inaongeza mambo ya kiofisi kama kuunganisha kompyuta na mtandao wa kampuni au kuiongoza ukiwa mbali. Kwa mwanafunzi anayeandika tasnifu hakuna tofauti atakayoiona. Basi fundi anaichezea flashi yake ili imruhusu kuchagua, anaweka Pro kwenye mashine yenye leseni ya Home, Windows inakataa kuamilika, naye anatoa jawabu lake: kreki, yaani programu ya kuidanganya Windows kwamba imelipiwa.

Kesi ya pili inahusu mashine zilizotoka maofisini Ulaya, Marekani au Ghuba, ambazo zimejaa Kariakoo na katikati ya Nairobi. Kampuni kubwa haiamilishi kompyuta moja moja kwa Microsoft. Inaweka seva yake ndani, na kompyuta za wafanyakazi zinabisha hodi kwa seva hiyo. Uamilisho wa namna hii unadumu siku 180, na kompyuta hujaribu kuuhuisha kila baada ya siku 7. Laptopu ikiuzwa ikiwa bado na Windows Enterprise ya kampuni, inaendelea vizuri kwa miezi, ikiitafuta seva iliyobaki London au Dubai, mpaka siku zinaisha na maandishi ya kijivu yanatokea. Mnunuzi anadhani kapigwa. Pengine hakupigwa: mashine hizo za kiofisi kwa kawaida ziliondoka kiwandani na ufunguo wa Pro kwenye BIOS, na dawa yake ni kuweka Pro safi na kuunganisha intaneti.

Kuna na mashine ambazo kweli hazina kitu. Baadhi ya laptopu mpya za bei nafuu huuzwa na FreeDOS, na kwenye boksi imeandikwa hivyo. Bei imeshuka kwa sababu Windows haimo. Muuzaji anaweka ya kreki ili mteja aone rangi zinawaka, na hasemi neno.

Kreki nazo nyingi zinaiga ile seva ya kampuni: zinaidanganya Windows kwamba seva ya ofisi iko humo humo ndani ya laptopu, kisha zinarudia uongo huo kila muda wake unapokaribia kwisha. Ili ziingie, fundi huzima kwanza kinga ya virusi, na mara nyingi haiwashi tena. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi kisakinishi cha bandia cha KMSPico, mojawapo ya kreki hizo mashuhuri, kilivyokuwa kinabeba CryptBot, programu inayoiba nywila na taarifa za pochi za sarafu za kidijitali. Na kwa mtu anayefanya benki kwa kompyuta, hilo si jambo la kuchekea.

Hukumu yangu huenda ikawashangaza baadhi ya wasomaji: ni afadhali laptopu yenye maandishi ya kijivu kuliko yenye kreki. Windows 11 isiyoamilishwa haikuzimii kazi. Inakunyima kubadilisha picha ya skrini na mapambo mengine, inakukera kwa maandishi, lakini bado inapokea masasisho ya usalama. Haikufanyi kuwa mtumiaji halali, la hasha. Masharti yanadai leseni. Ila haijamwachia mgeni mlango wa nyuma.

Kwa hiyo, kabla ya kumlipa mtu yeyote akupigie Windows, fanya haya mawili, hata palepale dukani kabla hujanunua. Fungua PowerShell, andika (Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey kisha bonyeza Enter. Ikitokea namba ya herufi 25, mashine ina ufunguo wake kwenye bodi. Isipotokea kitu, haina, na una haki ya kuuliza bei itapungua kiasi gani. Kisha andika slmgr /xpr. Kisanduku kitakachofunguka kikikutajia tarehe ya mwisho, Windows iliyomo ni ya seva ya kampuni au ya kreki. Ukimpa fundi mashine, mwambie waziwazi: weka daraja lilelile la kiwandani, kwa flashi iliyotengenezwa kutoka tovuti ya Microsoft, wala usizime kinga. Akikataa, tafuta mwingine.

Wiki ijayo tutazungumzia mashine zenye leseni halali kabisa ambazo Windows 11 inazikataa, na la kufanya sasa ambapo msaada wa Windows 10 ulifikia ukomo tarehe 14 Oktoba 2025.