Kabla Hujaongeza Hamira

Ramadhani ikikaribia, swali huwa lile lile na picha ile ile: mkate wa kumimina umebonyea katikati, na ukiukata, chini kuna tabaka zito lisilo na kitundu hata kimoja. Chini ya picha: "Nimetia hamira kijiko kimoja cha chai, umelala. Sasa nitie viwili?" Wapo walioniandikia wakiwa wameshafika vitatu na wanaomba ruhusa ya cha nne.

Hapana. Wala viwili.

Sitaeleza mkate wa kumimina ni nini. Anayeuliza ameula tangu hajaota meno ya mbele, na hamu ya kuula ndiyo iliyomwingiza jikoni. Ninachotaka kuvunja ni imani moja tu: kwamba kwa kuwa hamira ndiyo inayoinua mkate, basi mkate usipoinuka dawa yake ni hamira. Nusu ya kwanza ni kweli, na ndiyo inayowaponza watu. Kazi ya hamira ni kutengeneza gesi. Kuishika hiyo gesi si kazi yake, na haijawahi kuwa kazi yake.

Kwenye unga wa ngano mshikaji yupo: gluteni, ambayo ukiukanda unga hutanuka kama puto na kuifungia gesi ndani. Mkate wa kumimina ni wa mchele, na mchele hauna gluteni. Uusage uwezavyo, uukoroge mpaka mkono uume, haitatokea. Rojo la mchele huishika gesi kwa uzito wake tu, likisaidiwa na ute wa yai, na hata hapo ni kwa muda. Kinachokuja kuumaliza mchezo ni moto: wanga wa mchele ukifika nyuzi joto 70 hivi huwa umevimba na kuganda, na vile vitundu hubaki vilipo. Hamira yenyewe huwa imekufa kabla ya hapo, karibu na nyuzi 60. Kwa hiyo mkate wako hauamuliwi na wingi wa gesi. Unaamuliwa na jambo moja: rojo lilikuwa katika hali gani dakika ile lilipoguswa na moto.

Sasa tia vijiko vitatu uone. Gesi inakuja kwa kasi kuliko uwezo wa rojo kuishika. Vipovu vidogo vinaungana kuwa vikubwa, vikubwa vinapanda juu na kupasuka. Rojo linafika kileleni wewe ukiwa bado unapepea mkaa, linaanza kushuka, na kinachoingia jikoni ni rojo lililokwisha kazi. Ndiyo maana mkate wa vijiko vitatu hulala kuliko wa kimoja, na juu yake unanuka pombe. Harufu hiyo msishangae: hamira ikila sukari hutoa gesi na alikoholi kwa pamoja. Na sukari iliyoliwa hairudi, kwa hiyo hata utamu umepungua.

Hapo ndipo mtu, badala ya kurudi nyuma, anaongeza beking pauda juu ya hamira. Halafu magadi kidogo, kwa kuwa shoga yake kamwambia. Halafu soda ya chupa, ya kopo ikikosekana. Vyote hivyo vinaleta gesi, kitu pekee ambacho rojo lile lilikuwa nacho kwa ziada! Na kuna wa jicho: mgeni kachungulia bakuli, hakusema mashallah, rojo likashuka. Ukiuliza, mgeni alifika saa kumi na rojo liliachwa tangu saa saba. Lingeshuka hata nyumba ingekuwa tupu.

"Lakini mama alitia kijiko kimoja, akaliacha saa nzima, na mkate ulijaa sufuria." Sawa. Mwaka gani?

Siulizi kwa kejeli. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka na kuyazunguka majira yote katika miaka 33 hivi. Aliyejifunza kwa mamaye mwaka 1981, na aliyejifunza mwaka 2014, wote walijifunza Julai, kusi linavuma na jiko lina ubaridi. Miaka hii Ramadhani imeangukia Februari na Machi, kaskazi limeiva, na mchana Unguja au Dar hufika nyuzi 32 au 33. Katika joto hili la kawaida la jikoni, kila nyuzi 10 zikiongezeka kasi ya hamira hukaribia kuwa maradufu. Nyuzi 5 tu zinapunguza karibu theluthi ya muda: saa nzima ya mama inakuwa dakika 40 zako. Mama hakukosea, na kumbukumbu yako ni sahihi. Ulichokikariri ni saa ya kipupwe, ukaipeleka kwenye kaskazi.

Hamira nayo imebadilika. Ile ya chenga za mviringo, ya kulowekwa kwanza katika maji ya uvuguvugu, ina chembe hai chache kuliko hii ya papo kwa papo iliyomo kwenye vipaketi leo. Kijiko kizima cha ile ni sawa na robo tatu ya hii. Kwa hiyo hata kile kijiko kimoja unachokilaumu kwa uchache, tayari kimezidi.

Haya, fanyeni hivi. Mchele mrefu usionata, vikombe viwili, uloweke usiku kucha. Unga mkavu wa mashine muuache, wanga wake umeumia katika kusagwa, unanywa tui lote na mkate unakuwa mzito. Saga na kikombe kimoja na nusu cha tui la baridi, kwa sababu blenda hulitia rojo joto. Likitoka vuguvugu, liache lipoe ndipo utie hamira, robo tatu ya kijiko cha chai. Chota rojo kidogo katika glasi iliyonyooka, itie alama. Likipanda kwa nusu ya kimo chake, basi, saa isikushughulishe. Sukari, robo tatu ya kikombe mpaka kimoja, na iliki. Ute wa yai moja uliopigwa unaingia mwisho, kwa mkono mwepesi, mafuta ya tui yasiuvunje povu. Sufuria iwe imeshapata moto na samli kabla hujamimina. Ukingoni pakianza vitundu, hamishia kwenye oveni ya nyuzi 180, au palia: makaa mengi juu ya mfuniko, machache chini. Hujawa tayari kupika? Weka rojo kwenye friji. Uko Muscat na kiyoyozi kinavuma, au London Februari? Kwako ni kinyume: subiri zaidi, bakuli likae ndani ya oveni iliyozimwa na taa yake ikiwaka. Na hata wewe usiongeze hamira.

Anayependa wa beking pauda aupike, ni keki nzuri ya mchele, ila asiniulize kwa nini haufanani na wa bibi.

Safari ijayo picha ya mkate msinitumie. Nitumieni ya rojo, dakika ile linamiminwa, na mniandikie limekaa muda gani, jikoni palikuwa na joto gani, na hamira ni ya aina ipi.