Kusimama Uwanjani: Jinsi Uingereza Ilivyokataza na Kisha Kuruhusu Tena

Kwa miongo mingi shabiki wa kawaida wa soka Uingereza alitazama mechi akiwa amesimama. Nyuma ya magoli palikuwa na ngazi za zege zisizo na viti, zenye vyuma vya kuegemea hapa na pale, na aliyewahi ndiye aliyechagua mahali. Jukwaa la Kop pale Anfield, uwanja wa Liverpool, lilipewa jina la kilima cha Spion Kop cha Afrika Kusini, kulikopiganwa vita mwaka 1900. Enzi zake lilipokea watu wapatao 28,000. Kiingilio kilikuwa nafuu, na nyimbo zinazosikika leo katika viwanja vya dunia nzima zilikolezwa katika majukwaa ya namna hiyo.

Hatari nayo ilijulikana. Mwaka 1946 watu 33 walikufa kwa kubanwa katika uwanja wa Burnden Park, Bolton. Mwaka 1971 wengine 66 walikufa kwenye ngazi za kutokea za Ibrox, Glasgow. Sheria ya usalama wa viwanja ikapitishwa mwaka 1975, lakini miaka hiyo hiyo serikali na polisi walishughulishwa zaidi na vurugu za mashabiki. Klabu zikaweka uzio mrefu wa chuma mbele ya majukwaa ili watu wasivamie uwanja, na majukwaa yakagawanywa kuwa vizimba. Aliyebanwa mbele hakuwa tena na pa kukimbilia.

Hayo ndiyo yaliyowakuta mashabiki wa Liverpool tarehe 15 Aprili 1989 huko Hillsborough, Sheffield, katika nusu fainali ya Kombe la FA dhidi ya Nottingham Forest. Umati ulirundikana nje ya milango michache ya upande wa Leppings Lane. Kamanda wa polisi akaamuru lango kubwa la kutokea lifunguliwe, lakini hakuna aliyeifunga njia iliyoelekea moja kwa moja kwenye vizimba viwili vya katikati, ambavyo vilikuwa vimeshafurika, wakati vya pembeni vilikuwa na nafasi tele. Mechi ilisimamishwa dakika ya sita. Watu wakafa wima, vifua vyao vimebanwa wasiweze kuvuta pumzi. Waliopoteza maisha ni 97, wa mwisho akifariki mwaka 2021 kutokana na majeraha ya siku ile. Polisi waliwasingizia mashabiki kwamba walivunja lango na kwamba walikuwa walevi. Familia zilipigania ukweli kwa miaka 27, hadi mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama lilipotamka kwamba marehemu waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na lawama.

Jaji Taylor, aliyeongoza uchunguzi wa awali, alitoa ripoti yake ya mwisho Januari 1990. Alipendekeza majukwaa yawe na viti pekee, ingawa aliandika wazi kwamba kusimama kwenyewe si jambo la hatari kwa asili yake. Sehemu hiyo ilisahaulika upesi. Klabu za madaraja mawili ya juu ziliagizwa kuondoa majukwaa ya kusimama kufikia Agosti 1994. Kop ya zamani iliagwa tarehe 30 Aprili mwaka huo katika mechi dhidi ya Norwich, na jukwaa jipya likabaki na viti kama 12,000.

Watu hawakuacha kusimama. Nyuma ya magoli, na hasa miongoni mwa mashabiki wa ugenini, maelfu walisimama dakika zote 90 mbele ya viti vyao, huku kiti kifupi cha mbele kikigonga magoti. Kukurupuka kushangilia goli kuliweza kumwangusha mtu safu mbili chini. Katazo lilikuwa limezaa hatari yake lenyewe.

Jibu lilionekana Ujerumani, ambako jukwaa la kusini la Borussia Dortmund hubeba karibu watu 25,000 waliosimama. Baadhi ya viwanja vya huko vilibuni viti vya kukunja vilivyofungwa kwenye fremu ya chuma, yenye reli inayofika kiunoni katika kila safu. Celtic ya Uskochi, isiyobanwa na sheria ya Uingereza, iliviweka mwaka 2016. Liverpool mjadala ulikuwa mzito kuliko popote, kwa kuwa baadhi ya familia za marehemu hazikutaka kusikia habari ya kusimama tena. Uchungu wao ulistahili kuheshimiwa. Hata hivyo, kura iliyoendeshwa na umoja wa mashabiki wa klabu hiyo mwaka 2017 iliunga mkono mfumo wa reli kwa wingi mkubwa.

Januari 2022 majaribio yalianza katika viwanja vya Chelsea, Manchester United, Manchester City, Tottenham na Cardiff City. Mechi ya kwanza ilikuwa Chelsea na Liverpool, iliyokwisha 2-2. Msimu uliofuata ruhusa ikatolewa kwa klabu yoyote inayotimiza masharti: mtu mmoja kwa nafasi moja yenye namba, kamera za ulinzi, wasimamizi waliofundishwa, na njia zinazobaki wazi. Nje ya sehemu hizo, mwenye tiketi bado anatakiwa kukaa.

Kwa usalama, uamuzi huo ni sahihi, na ulichelewa. Kilichoua Hillsborough ni uzio, vizimba na uongozi mbovu wa umati, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitajika ili mtu asimame. Kilichobaki ni bei. Taylor alitaja mfano wa Ibrox, ambako kukaa kuligharimu pauni 6 na kusimama pauni 4, akiamini kwamba viti havitamfukuza mtu wa kipato kidogo. Vilimfukuza. Kwa kuwa reli haziongezi idadi ya watu jukwaani, klabu nyingi haziuzi nafasi ya kusimama kwa bei ya chini. Ni wajibu wa mashabiki kudai bei hiyo sasa kwa nguvu ile ile waliyodai haki ya kusimama.