Nyumba ya Majini Huuzwa Bila Kiwanja

Kwa kuwa nyumba za London ni ghali, wapo wanaoitazama mifereji ya jiji hilo na kuiona kama njia ya kuokoka. Kandokando ya Mfereji wa Regent's, uliokamilika mwaka 1820 kwa ajili ya kusafirisha mizigo, leo zimejipanga boti za chuma zenye vitanda, jiko na bomba la moshi. Boti ya aina hii huwa na upana wa kama mita 2.1 tu, kwa sababu malango ya maji ya mifereji mingi ya Uingereza yalijengwa kwa kipimo hicho. Iliyokwishatumika huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya fleti, na hesabu za wengi huishia hapo. Lakini anayenunua boti hanunui kiwanja, na gharama nyingi zitakazomfuata zinatokana na jambo hilo moja.

Sheria yenyewe haiihesabu boti kuwa nyumba. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba boti iliyofungwa ukingoni mwa mto Thames si sehemu ya ardhi, hivyo mpangaji wake hana kinga anayopewa mpangaji wa nyumba. Benki nazo hutazama vivyo hivyo: mkopo wa kawaida wa nyumba haupatikani, na mkopo wa boti hulipwa kwa muda mfupi zaidi na kwa riba kubwa zaidi.

Kisha kuna swali la pa kuifunga. Mifereji na mito ipatayo kilomita 3,200 ya England na Wales iko chini ya Canal & River Trust, taasisi ya hisani iliyoanza kazi mwaka 2012. Kwa sheria ya mwaka 1995, leseni ina masharti matatu: cheti cha usalama, ambacho hudumu miaka 4, bima, na ama maegesho ya kudumu, ama kusafiri kwa dhati bila kukaa mahali pamoja kwa zaidi ya siku 14. Leseni ya boti ya ukubwa wa kawaida hupita pauni 1,000 kwa mwaka, na tangu Aprili 2024 wasio na maegesho hutozwa nyongeza. Maegesho ya kudumu katikati ya London yanaweza kuzidi pauni 10,000 kwa mwaka.

Wengi huchagua kusafiri ili wakwepe gharama hiyo. Hapo wanalipa kwa namna nyingine. Kwenda na kurudi kati ya madaraja mawili hakutoshi. Taasisi hiyo imeeleza kwamba anayezunguka ndani ya maili 20, yaani kilomita 32, kwa mwaka mzima ana nafasi ndogo ya kukidhi sharti. Mwenye mtoto shuleni, au anayetibiwa kliniki kila wiki, husogea mbali na mahitaji yake kila baada ya siku 14. Asiyetimiza masharti huweza kunyang'anywa leseni na hatimaye boti kuondolewa majini, pamoja na kila alichonacho ndani.

Gharama ya tatu iko chini ya maji, isikoonekana. Mabaharia wa Lamu hupandisha jahazi pwani na kulipaka deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa, ili wadudu wasitoboe mbao. Adui wa boti ya chuma ni kutu. Kila baada ya miaka 2 au 3 hupandishwa kwenye chelezo, ikasuguliwa na kupakwa lami upya. Chuma cha kitako huanza na unene wa milimita 10 na cha ubavuni milimita 6; kikiliwa hadi chini ya milimita 4, kampuni nyingi za bima hukataa kuikatia boti bima. Kuchomelea chuma kipya juu ya kilicholika hugharimu maelfu ya pauni.

Maisha ya kila siku nayo yana hesabu zake. Muingereza wa kawaida hutumia takriban lita 140 za maji kwa siku. Tangi la boti la lita 400, kwa matumizi hayo, halimfikishi mtu mmoja mwisho wa siku ya tatu. Maji hujazwa kwenye bomba la umma, choo humwagwa kituoni, mtungi wa gesi hubebwa begani. Paneli za sola hutosheleza kiangazi. Majira ya baridi, jua likiwa hafifu, injini huwashwa ili kuchaji betri, na jiko la makaa ya mawe huwaka usiku kucha. Jiko hilo katika chumba chembamba kilichofungwa laweza kuua kwa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ndiyo maana tangu Aprili 2019 king'ora cha kuitambua ni lazima.

Nchi kavu tunaambiana kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Majini hakuna ukuta wa kujenga upya, chombo huzama. Kwa hiyo, kabla ya kulipa hata pauni moja, ajiri mkaguzi anayejitegemea aipime boti unene wa chuma ikiwa juu ya chelezo, na uwe umeshajua kwa hakika itafungwa wapi. Ukikosa jibu la mojawapo, usinunue.