Nukta Tatu na Mstari Mmoja: Istilahi za Takwimu katika Ufundishaji wa Urejeo Mstari Sekondari, kwa Mfano wa Kigobe, Bujumbura

Utangulizi

Bunge la Taifa la Burundi hukutana Kigobe, mtaa ulioko kaskazini mwa Bujumbura. Mjadala wowote wa bajeti unaofanyika hapo, uwe wa shule, zahanati au mbegu, hutegemea swali moja: watu ni wangapi leo, na watakuwa wangapi baada ya miaka kumi? Sehemu ya kwanza ya swali hilo hujibiwa kwa takwimu elezi. Sehemu ya pili hujibiwa mara nyingi kwa urejeo mstari, na zote mbili ni mada za sekondari. Kijana anayesoma jirani na Bunge hilo hufundishwa hisabati kwa Kifaransa, huzungumza Kirundi nyumbani, hujifunza Kiswahili kama somo, na akifika Buyenzi au Bwiza hukisikia Kiswahili hichohicho sokoni. Makala haya yanazieleza dhana hizo kwa Kiswahili kupitia sensa za Burundi, na yanashikilia kwamba istilahi inayoteuliwa huathiri kile ambacho mwanafunzi atakiona, au atashindwa kukiona, katika mchoro.

Wastani na mtu wa kawaida

Neno wastani lilikuwapo katika Kiswahili muda mrefu kabla ya kuingia darasani. Hali ya wastani ni hali isiyo nzuri sana wala mbaya sana, na mwanafunzi wa wastani ni yule aliye katikati. Kwa hiyo msomaji anapoelezwa wastani wa jambo fulani, humwazia mtu wa kawaida. Tuchukulie wanafunzi watano wanaotembea kwenda shule kwa dakika 10, 15, 15, 20 na 90. Wastani ni dakika 30, lakini hakuna hata mmoja anayetembea dakika 30. Mediani, yaani thamani ya katikati baada ya kupanga namba kwa ukubwa, ni 15. Kinachotofautisha namba hizo mbili ni mtoto mmoja anayetoka mbali, naye ndiye anayepaswa kumshughulisha mshauri wa sera. Mwalimu anayefundisha wastani bila mediani na bila kipimo chochote cha mtawanyiko amemficha mtoto huyo. Hapa kosa si la hesabu. Limetokana na mazoea ya neno.

Urejeo unarejea wapi?

Istilahi urejeo ina tatizo la aina nyingine. Ni tafsiri aminifu ya neno lililoenea kutokana na kazi ya Francis Galton, ambaye mwaka 1886 alionyesha kwamba watoto wa wazazi warefu mno huwa warefu, ila kwa kawaida hukaribia zaidi kimo cha wastani kuliko wazazi wao. Kweli palikuwa na jambo la kurejea. Katika mchoro wa idadi ya watu kwa miaka, hata hivyo, hakuna kinachorejea popote. Mapokeo ya shule za Kifaransa hutumia pia neno ajustement, lenye taswira ya kurekebisha kitu mpaka kikae sawa, na njia yenyewe ilichapishwa na Adrien-Marie Legendre mwaka 1805, miongo minane kabla ya makala ya Galton. Kwa mwanafunzi wa Bujumbura, taswira ya kulinganisha mstari na nukta ni nyepesi kuliko ya kurejea. Urejeo linaweza kubaki katika faharasa za vyuo vikuu, lakini darasani linahitaji msaidizi, na mstari wa ulinganisho unafaa kwa kazi hiyo.

Sensa tatu

Sensa ya 1979 ilihesabu takriban watu milioni 4.0, ya 1990, milioni 5.1, ya 2008, milioni 8.1. Mwaka 1979 ukiwekwa kuwa 0, nukta tatu ni (0, 4.0), (11, 5.1) na (29, 8.1). Mstari unaotafutwa ni ule ambao, tukipima umbali wa wima kati yake na kila nukta, tukazidisha kila umbali kwa wenyewe na kujumlisha, jumla inakuwa ndogo kuliko ya mstari mwingine wowote. Hesabu inatoa mteremko wa 0.144, yaani ongezeko la watu wapatao 144,000 kwa mwaka, na thamani ya kuanzia ya milioni 3.8. Kipimo cha uhusiano, r, ni 0.99.

Katika madarasa mengi somo huishia hapo: r inakaribia 1, basi mstari ni mzuri. Lakini tofauti kati ya nukta na mstari, kwa mamilioni, ni +0.19 mwaka 1979, −0.30 mwaka 1990 na +0.11 mwaka 2008. Nukta za pembeni ziko juu ya mstari na ya kati iko chini. Nukta tatu pekee hazithibitishi mengi, lakini huo ndio umbo la mkunjo. Kati ya 1979 na 1990 ongezeko lilikuwa watu 100,000 kwa mwaka. Kati ya 1990 na 2008 lilikuwa kama 167,000. Zile 144,000 hazikuwa kasi ya kipindi chochote kati ya hivyo viwili.

Tofauti hizo zinaitwaje? Baadhi ya walimu huziita makosa, nao wanafunzi hudhani kwamba makarani wa sensa ya 1990 walikosea kuhesabu. Masalio ni neno bora, kwa sababu husema tu kwamba kuna kitu mstari umekiacha. Na ulichokiacha hapa si kidogo. Kati ya 1990 na 2008 haikufanyika sensa yoyote; vita vilianza mwaka 1993, mamia ya maelfu wakakimbilia nchi jirani, hasa Tanzania, na wengi wakaanza kurudi baada ya Mkataba wa Arusha wa 2000. Mstari hupita juu ya miaka hiyo kana kwamba kila mwaka ulifanana na mwenzake.

Hatari hukua mstari unaporefushwa nje ya data. Ukirefushwa hadi 2022, unatoa watu milioni 10.0, ilhali makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka huo yalikuwa yameshapita milioni 12. Mwanafunzi akitumia logi za idadi badala ya idadi zenyewe, atapata takriban milioni 11.3: afadhali, ingawa bado pungufu. Zoezi hilo lote linahitaji kalamu, karatasi ya grafu na kikokotoo cha kawaida.

Tangu 2021 Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, sambamba na Kiingereza na Kifaransa, na ripoti zenye michoro ya aina hii zitazidi kuandikwa kwacho. Faharasa ya pamoja ya takwimu za sekondari ingeweza kuanza na maneno manne: wastani, mediani, mstari wa ulinganisho na masalio. La mwisho lifundishwe kabla ya r, mwanafunzi akichora kwa mkono vijistari vya wima kutoka kila nukta hadi kwenye mstari na kuandika pembeni mwaka 1990 una upungufu wa watu wangapi.